Hamisi Yupi? Kumbukumbu za Kuwatambua Watu Katika Miti ya Ukoo

Kanzidata ya nasaba, yaani ghala la taarifa za watu na jamaa zao linalohifadhiwa katika kompyuta na kufikiwa kwa njia ya intaneti, hukabiliwa na tatizo ambalo haliondolewi na ukubwa wa mitambo wala wingi wa wachangiaji: mtu mmoja huandikwa mara nyingi na watu mbalimbali, kila mwandishi kwa tahajia yake, kwa mwaka wake na kwa kadiri ya ujuzi wake, hata mtu huyo akaonekana kuwa ni watu wengi. Maingizo hayo yanayomhusu mtu mmoja huitwa marudufu, na kazi ya kuyatafuta na kuyaunganisha huitwa ulinganishaji. Katika miti ya pamoja, kama ule wa FamilySearch, wa Geni ulioanza 2007 au wa WikiTree ulioanza 2008, ambako kila marehemu anatakiwa awe na ukurasa mmoja tu unaohaririwa na jamaa zake wote, ulinganishaji ndio nguzo ya kazi nzima. Marudufu yakiachwa, ndugu wanaotafutana hawakutani; watu wakiunganishwa ovyo, wawili hugeuzwa mmoja na watoto wao huchanganywa. Kosa hili la pili ni baya kuliko la kwanza, na kwa jamii za pwani ya Afrika Mashariki linatendeka kwa wepesi usiostahili, kwa sababu programu nyingi hupima kwanza jina na tarehe, ilhali katika nyaraka na simulizi za pwani hakuna vigezo dhaifu kuliko hivyo viwili.

Jambo hili limemrudia mwandishi wa makala haya katika miaka ya karibuni, baada ya vijana wa ukoo wake walioko Dar es Salaam, Muscat na London kuanza kuingiza majina ya wazee wao katika mti mmoja wa pamoja, na kupokea karibu kila wiki mapendekezo ya programu kwamba mzee fulani na mzee fulani huenda ni mtu mmoja. Baadhi ya mapendekezo yalikuwa ya kweli na yaliwaunganisha watu waliopoteana tangu mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Mengine yalikubaliwa kwa haraka na kijana aliyekaa mbali na wazee, na ndani ya muda mfupi babu wawili wa Pangani wakawa babu mmoja mwenye wake wanne, watoto waliozaliwa mahali pawili mbalimbali katika mwaka uleule, na makaburi mawili. Kuelewa kwa nini programu iliona sawa kupendekeza hivyo, na kwa nini wazee wasingekubali hata kwa dakika moja, kunahitaji kurejea miaka ambayo kazi hii ilifanywa kwa kalamu na daftari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwandishi, akiwa mwalimu kijana wa shule ya msingi wilayani Pangani, aliombwa na wazee wa upande wa mama yake awe karani wa kikao cha mirathi, kwa kuwa shamba moja la minazi huko Bweni, ng'ambo ya mto, lilikuwa limekaa vizazi viwili bila kugawanywa, na mahakama ilitaka orodha ya warithi kabla ya kusikiliza shauri. Orodha ya kwanza iliandaliwa kwa utaratibu wa fomu za serikali, yaani jina la mtu, la baba na la babu, ingawa wengi walikumbukwa kwa majina mawili tu. Iliposomwa mbele ya bibi mmoja aliyekuwa mkubwa kuliko wote kikaoni, alimsimamisha karani katika jina la nne.

“Hamisi yupi, mwanangu?” aliuliza. “Wa Bi Mwanaidi au wa Bi Zena?”

“Imeandikwa Hamisi Juma tu, bibi.”

“Basi hapo hujaandika mtu. Wa Bi Mwanaidi ni kifungua mimba, alikwenda kuoa Mkwaja na huko ndiko alikozikwa. Wa Bi Zena alifuata mapacha, na mto huu hakuuvuka ila kwa harusi na msiba.”

Akiwa anasema hayo bibi huyo alikuwa ameshika kidole chake cha kati kwa mkono wa pili, kisha akahamia cha pete, maana kila kidole kilikuwa ni mama mmoja, na watoto wa mama huyo walihesabiwa kwenye pingili, toka wa kwanza hadi kitinda mimba, pamoja na wale waliokufa wachanga ambao hakuna karatasi iliyowataja. Sababu ya Hamisi kuwa wawili haikuwa ya ajabu hata kidogo. Mzee mmoja aitwaye Juma alikuwa na wana wawili, Hamisi na Ali, na kila mmoja wao alimpa mwanawe jina la baba yake. Hao akina Juma wawili nao walizaa, mmoja akamwita mwanawe Hamisi kwa jina la babu wa mtoto, na wa pili akamwita wake Hamisi vilevile kwa heshima ya baba mkubwa. Mtindo wa kurudisha majina ya wazee umeenea mbali zaidi ya pwani, na miongoni mwa Wakikuyu wa Kenya umewekewa utaratibu kamili, ambapo mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba na wa pili jina la babu mzaa mama, hivyo ndugu wa kiume wakiwa watano, wana wao wa kwanza hutazamiwa kuwa na jina moja. Jina lililokusudiwa kuunganisha vizazi haliwezi kutarajiwa liwatenganishe watu. Kazi ya kutenganisha imeachiwa mama, mahali na nafasi ya mtoto katika kuzaliwa, na haya matatu ndiyo bibi yule aliyoyataja bila kuulizwa.

Fomu nyingi za miti ya ukoo zilitungwa kwa ajili ya jamii ambamo kila mtu ana jina lake binafsi na jina la familia lisilobadilika toka baba hadi mjukuu. Mtu aitwaye Hamisi Juma Ali akiingizwa humo, Ali huwa ndilo jina la familia, na mwanawe aitwaye Salumu Hamisi Juma huwa wa familia ya Juma, na mjukuu wake huwa wa familia nyingine tena. Programu inayotazama jina la familia huona hapo koo tatu zisizohusiana, na papo hapo huwaona akina Ali wote wa pwani kuwa ndugu. Wanawake hali yao ni mbaya zaidi. Miaka michache baada ya kikao cha Bweni, mwandishi aliruhusiwa kupitia daftari za zamani za parokia moja ya bara ya Tanga, na humo akakuta ndoa ambazo bibi harusi ametajwa kwa jina la ubatizo na neno “binti” likifuatiwa na jina la baba, na nyingine ambazo ametajwa kwa “binti” na jina la baba peke yake, bila jina lake mwenyewe. Dada watatu walioolewa katika miaka tofauti wanaweza wote kuonekana kwa jina lilelile, na mlinganishaji asiyejua desturi hiyo ataona mwanamke mmoja aliyeolewa mara tatu. Kwa upande mwingine, mtu mmoja katika daftari hizo aliweza kuwa na jina la nyumbani siku ya mafundisho, jina la ubatizo siku ya ndoa, na jina la mwanawe, yaani Baba Fulani, siku aliposimamia ubatizo wa mtoto wa jirani. Daftari hizo zilionyesha kwamba marudufu na mchanganyiko hutoka katika kisima kimoja, na kwamba anayetibu kimoja bila kuangalia kingine huzidisha ugonjwa.

Nadharia ya kulinganisha kumbukumbu ina historia ndefu kuliko intaneti, na ni vema ijulikane kwa kuwa ndani yake mna hekima ambayo programu za leo huirithi nusu. Mwaka 1946 Halbert Dunn, mtakwimu wa Marekani, aliueleza uhai wa kila mtu kuwa ni kitabu kinachoanza na kuzaliwa na kuisha na kifo, na ulinganishaji kuwa ni kazi ya kuzikusanya kurasa zake zilizotawanyika. Mwaka 1959 Howard Newcombe na wenzake nchini Kanada walionyesha kwamba kompyuta inaweza kuunganisha kumbukumbu za ndoa na za vizazi kwa kupima uwezekano, na mwaka 1969 Ivan Fellegi na Alan Sunter waliiwekea kazi hiyo msingi wa kihisabati unaotumika hadi sasa. Kiini chake ni uzito: kila kipengele kinachofanana kati ya maingizo mawili huongeza uzito wa dai kwamba ni mtu mmoja, na kila kinachotofautiana huupunguza, lakini kufanana kwa jina adimu huongeza uzito mwingi, na kufanana kwa jina la kawaida huongeza kidogo tu. Baada ya kujumlisha, maingizo hugawanywa katika makundi matatu, yaani yaliyo ya mtu mmoja, yasiyo ya mtu mmoja, na kundi la kati ambalo mashine haina haki ya kuliamulia na ambalo lazima lipelekwe kwa binadamu.

Hapa ndipo lilipo kosa lililowaunganisha katika mti wa pamoja akina Hamisi wawili, ambao ndio wale babu wawili wa Pangani. Swali la kwanza kuhusu uzito ni jina lina uadimu mahali gani. Katika kumbukumbu zilizojaa watu wa Marekani na Ulaya, jina la Hamisi Juma ni adimu mno, na mashine iliyojifunza uadimu wa majina kutokana na kumbukumbu hizo itaona kwamba akina Hamisi Juma wawili waliozaliwa katika wilaya moja, miaka miwili mbali, hawawezi kuwa kitu kingine ila mtu mmoja. Pangani, ambako pengine hakuna mtaa usio na Hamisi wala Juma, kufanana huko hakuthibitishi lolote. Dawa yake inajulikana na haihitaji uvumbuzi mpya: uzito wa jina uhesabiwe kwa kila eneo, na ikiwezekana kwa kila dini na kipindi, badala ya kuhesabiwa kwa dunia nzima. Jambo dogo kama hilo lingezuia sehemu kubwa ya mapendekezo ya uongo yanayowafikia watu wa pwani, na inasikitisha kwamba bado linaonekana kuwa anasa.

Tahajia ni mlango mwingine wa kosa. Soundex, mbinu ya kugeuza jina kuwa msimbo kwa kufuata matamshi, ilisajiliwa Marekani na Robert Russell mwaka 1918 na baadaye ikatumika kutengeneza faharasa za sensa za nchi hiyo. Herufi ya kwanza ya jina hubaki ilivyo, irabu huachwa, na konsonanti zinazofuata hugeuzwa tarakimu kwa makundi sita hadi zipatikane tarakimu tatu, na zikipungua hujazwa sifuri. Ikitumiwa kwa majina ya pwani, Hamisi hupata H520, na Hamza naye hupata H520, ingawa hakuna Mswahili anayeyachanganya majina hayo. Khamis, ambalo ni jina lilelile la Hamisi kwa tahajia ya Zanzibar na Oman, hupata K520 na kutupwa mbali. Juma wa Tanga ni J500, na Djuma, kama linavyoandikwa Kongo na Burundi kwa mazoea ya Kifaransa, ni D250. Mbinu hii huziweka l na r katika makundi mawili yasiyokutana, ilhali makarani wengi waliandika Salumu au Sarumu kwa kadiri masikio yao yalivyozoea. Tatizo la aina hii liliwahi kutatuliwa na watu waliopatwa nalo wenyewe: mwaka 1985 Randy Daitch na Gary Mokotoff, wachunguzi wa nasaba za Wayahudi wa Ulaya Mashariki, walitunga msimbo wao kwa kuwa Soundex haikuyafaa majina ya kwao, na msimbo huo hadi leo hutumika katika utafutaji wa nasaba za Kiyahudi. Wasomi wa Kiswahili na wanafunzi wa kompyuta katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wana uwezo wote wa kutunga msimbo wao, utakaojua kwamba Kh na H, Saleh, Salehe na Swaleh, Said na Saidi ni milango ya nyumba moja.

Kuhusu tarehe, mwandishi alipata somo kamili kutoka katika daftari moja la hesabu lenye jalada gumu, mali ya jamaa waliokuwa wafanyabiashara wa nazi kavu, ambamo babu mmoja aliandika kwa herufi za Kiarabu, pembezoni mwa madeni na malipo, kuzaliwa kwa kila mwanawe. Wino wa vizazi ulikuwa mweusi na wa madeni mwekundu, na mbele ya jina la mwana wa tatu ulikuwapo mwaka 1320. Miaka mingi baadaye kijana aliyekuwa akinakili daftari hilo kwenye mti wa pamoja aliuingiza mwaka huo kama ulivyo, na mwana wa mfanyabiashara akawekwa pamoja na watu wa kabla ya Ibn Battuta kufika Kilwa mwaka 1331. Mwaka 1320 wa Hijria ulianza Aprili 1902, na mtu yuleyule alikuwa tayari ameingizwa na jamaa wa Muscat kwa mwaka 1902, lakini programu haikuwaona kuwa marudufu kwa sababu iliona baina yao karibu miaka 600. Mwaka wa Hijria huwa na siku 354 au 355, kwa hiyo tofauti ya kalenda hiyo na ile ya Miladi hubadilika kadiri miaka inavyokwenda na haiwezi kupatikana kwa kutoa namba moja isiyobadilika, jambo ambalo kompyuta hulifanya vizuri kuliko binadamu ikiwa tu itaulizwa. Miaka mingine haina kalenda kabisa: mtu alizaliwa wakati wa vita vya Maji Maji, yaani kati ya 1905 na 1907, au Mwingereza alipoingia, au njaa ilipoandama. Maelezo hayo yana thamani kubwa kuliko tarehe 1 Januari iliyobuniwa na karani ili kisanduku kisibaki wazi, kwa kuwa tarehe za kubuni huwafanya watu wasiohusiana wafanane siku, mwezi na hata mwaka.

Kuna kundi la majina linalodai uangalifu wa pekee. Watu walioletwa pwani utumwani walipewa na mabwana majina mapya, kama Mabruki, Feruzi, Baraka na Farhani, pamoja na majina ya siku, na baada ya utumwa kufutwa kisheria, kwa amri ya Zanzibar ya 1897 na sheria ya Tanganyika ya 1922, waliendelea nayo, wengine wakiongeza jina la bwana mahali pa jina la baba. Katika kumbukumbu za misafara ya karne ya 19 akina Mabruki walikuwa wengi kiasi kwamba mmoja wao alijulikana kwa jina la Mabruki Speke, kwa kufuatishiwa la msafiri aliyemtumikia. Kumuunganisha Mabruki mmoja na mwingine kwa jina peke yake ni kumnyang'anya mtu kwa mara ya pili wazazi wake, na kuwapa wajukuu wake ukoo wa watu wengine. Katika sehemu hii ya historia ni heri mti ubaki na matawi yaliyokatika kuliko kuunganishwa kwa dhana.

Kurekebisha mchanganyiko wa akina Hamisi kulichukua muda mrefu kuliko kuutenda. Katika mti wa pamoja kila muunganisho hufuatiwa na mabadiliko mengine, kwa kuwa jamaa wa mbali huona mtoto mpya wakamwongezea wajukuu, na programu nayo hupendekeza ndoa na vifo kwa mtu ambaye hakuwahi kuwapo, hivyo kutengua hatua ya kwanza hakutengui zilizofuata. Kilichosaidia kilikuwa simu kwa shangazi mmoja wa Pangani, binti wa bibi yule wa kikao cha mirathi, ambaye aliwataja akina mama wawili kwa mpangilio uleule wa vidole. Watoto wakagawanywa kwa mama, kila Hamisi akaandikiwa mahali pake, Mkwaja na Bweni, na hatimaye likawekwa tamko kwamba maingizo hayo mawili yamechunguzwa na hayamhusu mtu mmoja. FamilySearch na WikiTree zote zina njia ya kuweka tamko la namna hiyo, na ni chombo bora kuliko vyote walivyo navyo watu wa kawaida, lakini hakitumiki vya kutosha kwa sababu mtumiaji husifiwa kwa kuunganisha, na anayekataa pendekezo huonekana amekwamisha kazi. Sababu ya kukataa ikiandikwa pembeni, kwa mfano kwamba mama ni tofauti na mahali ni tofauti, huwa kinga dhidi ya kijana atakayefika miaka 20 ijayo na pendekezo lilelile.

Kwa watengenezaji wa programu, lililo la haraka ni kuvipa jina la mama na ukoo wa mama uzito mkubwa katika ulinganishaji wa watu wa Afrika Mashariki, na kuruhusu undugu uandikwe kama unavyosemwa. Mzee anapotaja baba zake watatu, wawili kati yao huenda ni baba mkubwa na baba mdogo, na programu inayokubali baba mmoja tu humlazimisha mwingizaji kubahatisha. Taarifa za walio hai zibaki zimefichwa, kama sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022 zinavyotazamia, kwa kuwa hakuna ulinganishaji unaohalalisha kuanika namba na makazi ya watu.

Kwa msomaji aliyekwisha kuanza mti wake, ombi ni moja: kabla ya kukubali pendekezo lolote, ampigie simu shangazi au bibi aliyebaki, amtajie mtu huyo kwa mama yake, aulize alizaliwa wa ngapi na amezikwa wapi, kisha aandike jibu hilo katika ukurasa wa marehemu pamoja na jina la aliyelitoa na siku aliyolitoa, hata kama jibu ni kwamba hao ni watu wawili.